Suti ya Buluu na Kanzu Nyeupe

Yako mambo ambayo kurasa za maadili huyapita haraka kwa kuyaona madogo, na nguo za wanaume ni katika hayo. Juu ya mavazi ya wanawake tumekwisha kuandikiwa na kuhubiriwa mpaka wino umekauka. Lakini mwanamume asimamapo mbele ya kabati lake asubuhi huachiwa afanye apendavyo, na matokeo yake twayaona kila siku. Huyu ana makoti kumi na moja na madeni. Yule ana suti moja ya arusi iliyokwisha kumbana, naye huivaa kila penye shughuli huku akipumua kwa tabu. Na wa tatu amekata tamaa, huenda kazini kama mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Mimi nimefanya kazi ya ukarani miaka thelathini na moja hapa Mombasa, na muda wote huo nimevaa suti za rangi moja, buluu iliyokoza mpaka kukaribia weusi, ile ambayo mafundi wetu huiita nevi bluu. Sikuwahi kuwa nazo zaidi ya mbili kwa wakati mmoja. Nisingelizungumza jambo hili kama lisingeletwa mlangoni pangu na mtu ambaye siwezi kumnyamazia.

Mtu huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Baba yake hayupo duniani, na yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Mwaka huu amepata kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili, kazi inayomtaka aingie mahakamani na kuonana na watu wakubwa, na mshahara wake ni shilingi 38,000 kwa mwezi. Alinijia jioni moja baada ya magharibi, akaniamkia, akakaa, kisha akatoa karatasi mfukoni. "Mjomba, nakuomba unisomee hii kabla sijatia mkono." Duka moja la nguo lilikuwa tayari kumpa suti tano, nyeusi, kijivu, kahawia, buluu na moja ya mistari, pamoja na viatu pea mbili. Bei ya taslimu ni 78,000. Asiyekuwa na taslimu atalipa 8,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, yaani 96,000. Nikamwuliza, baada ya kodi ya nyumba ya mama yake, chakula na nauli, hubakiwa na kiasi gani? Akanijibu 10,000 hivi. Na katika hizo 10,000 ndimo ilimo karo ya dada yake mdogo aliye sekondari.

Nikaisoma karatasi yote, maana karani hawezi kuacha karatasi nusu. Kuzidisha bei kwa ajili ya kulipwa baadaye, wanazuoni wengi hawakukuona kuwa ni riba, madhali bei ni moja, imekubaliwa tangu mwanzo, wala haipandi tena. Kwa hivyo zile 18,000 za ziada hazikunitisha kwa upande wa sharia, ingawa kwa upande wa mfuko zilinitisha. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na sharti kwamba mwenye kuchelewa ataongezewa deni kwa kila mwezi atakaochelewa. Hapo jambo limegeuka. Deni lenye kuzaa kwa kupita siku ni riba ya waziwazi, halihitaji kupelekwa kwa mufti. Na kijana mwenye 10,000 aliyeahidi 8,000 katika hizo, atachelewa tu. Huku si kumtakia mabaya, ni hesabu.

Lakini kumwambia kijana "usikope" kisha ukanyamaza ni kumwacha njiani. Ofisi ile haitamstahamilia kwa shati lililochoka, naye ana haki ya kwenda kazini akiwa mtu wa kutazamika. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf imetaja kujipamba na ikakataza israfu mahali pamoja, na sisi tuna tabia ya kushika nusu moja na kuiacha ya pili, kila mtu kwa ile inayompendeza. Kwa hivyo nikamwambia, tuiweke karatasi hii pembeni, tutazame mtu kama wewe ahitaji nini hasa.

Ofisini atakuwa siku tano. Suti ya sufu haivaliwi siku mbili mfululizo, hasa katika joto letu. Huvaliwa leo, kesho ikatundikwa ipate hewa, jasho likauke na mikunjo ijinyooshe. Basi mtu huyu anahitaji suti mbili za kupishana. Ile ya tatu, ya nne na ya tano zitakaa kabatini zikimngoja nondo. Na zikiwa ni mbili tu, haziwezi kuwa za rangi ambayo watu huikumbuka. Suti ya mistari huonekana mara moja, mara ya pili watu husema ni ile ile. Ya kahawia haiendi mahakamani. Kijivu hafifu huonyesha kila tone la maji na kila alama ya jasho, na mtu aliyetoka kutawadha hurudi mezani kama aliyenyeshewa. Nyeusi ndiyo wanayoikimbilia vijana wetu kwa kudhani ndiyo rasmi zaidi, na mimi naona kwamba ndiyo inayomsaliti maskini kuliko zote. Vumbi letu la chokaa hukaa juu yake kama unga, na ikiwa ni ya kitambaa rahisi, jua la pwani huigeuza ikawa na kijani fulani ambacho hakuna dobi awezaye kukiondoa.

Buluu iliyokoza haina taabu hizo. Huingia mahakamani, huingia mazikoni, huingia arusini, na popote haisemi kwamba imepotea njia. Hukubaliana na kiatu cheusi na kiatu cha kahawia, na shati jeupe, na la buluu hafifu. Wala haigombani na ngozi zetu, tangu mweusi kabisa mpaka maji ya kunde. Jambo moja tu la kuangalia wakati wa kununua: usiichague chini ya taa ya duka. Toka nayo mlangoni uitazame kwenye mwanga wa jua, kwani chini ya taa buluu na nyeusi hufanana, na wako watu waliofika nyumbani na suruali ya rangi moja na koti la rangi nyingine.

Jina lake lenyewe limetoka kwenye manowari. Mwaka 1748 jeshi la majini la Uingereza lilipanga sare ya buluu kwa maafisa wake, na rangi ikashika jina la jeshi hilo mpaka leo; mabaharia wa kawaida walingoja mpaka 1857 ndipo nao wakapangiwa sare. Rangi yenyewe ilikuwa nili, na nili hiyo ilikuwa na machozi. Wakulima wa Bengal walilazimishwa kuilima badala ya chakula chao mpaka wakaasi mwaka 1859, na mwaka 1917 Gandhi alikwenda Champaran, katika nchi ya Bihar, kwa ajili ya wakulima wengine waliokuwa wamefungwa na zao hilo hilo. Wakati huo wanakemia wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuivumbua nili ya viwandani. Aliyetangulia kuitengeneza ni Adolf von Baeyer, na kampuni ya BASF ikaitia sokoni mwaka 1897.

Mwaka huo huo wa 1897, wala hakuna uhusiano ila bahati tu, ndio iliotolewa amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba. Na sisi watu wa pwani tuna sababu ya kuziweka khabari hizi mbili karibu karibu, kwani nili tuliijua zamani katika kaniki. Merikani ya bei ndogo ilitiwa nili ikawa kaniki, nayo ikawa nguo ya watumwa wanawake na wafanyi kazi wa shamba. Walipopata uhuru wao, wanawake wa Unguja waliitupa kaniki wakajivika kanga, ili asiwepo wa kuwatambua kwa rangi. Leo rangi ile ile, ikitiwa kwenye sufu badala ya pamba, ni ya mkurugenzi wa benki, na kijana yuko tayari kuikopea. Hadhi haimo ndani ya rangi. Nilimweleza mpwa wangu hayo akacheka, akasema, "Kwa hivyo mjomba, miaka yote hii umevaa kaniki?" Nikamwambia ndiyo, lakini yangu imepigwa pasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya mitindo vya Ulaya havilitaji, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya mtu anayeswali. Mtu aliye ofisini huswali hapo adhuhuri na alasiri, rakaa nne na nne. Kila rakaa ina sijida mbili, basi ni sijida 16 kwa siku, karibu 80 kwa juma, na ukitoa likizo, karibu 4,000 kwa mwaka, bila kuhesabu sunna. Mara 4,000 magoti yashuka kwenye mkeka, na mara 4,000 suruali yavutika nyuma na mbele. Koti muda huo limetundikwa msumarini limetulia. Baada ya miaka mitatu koti lang'ara kama jana na suruali imekwisha magoti. Wasioswali huichakaza suti yao viwiko. Sisi huanza na magoti. Kwa hivyo mtu wetu hashoni suti ya koti moja na suruali moja. Hushona koti moja na suruali mbili, siku moja, kutoka jora moja. Ukirudi mwakani kutafuta kitambaa cha suruali ya pili, utapewa jora jingine lililochovywa siku nyingine, na buluu mbili zinazokaribiana bila ya kufanana ni mbaya kuliko rangi mbili zilizo mbali. Kwa mtu wa kimo cha kadiri, suti moja hula yadi tatu na nusu za kitambaa kipana. Ukinunua yadi tano fundi atakupa na suruali ya pili, nayo ni rahisi sana kuliko suti nzima.

Suruali yenyewe ikae kiunoni. Mtindo wa sasa wa suruali kukaa nyongani haumfai mtu anayesujudu, na nyote mnaoswali safu za nyuma mwajua ninachosema: kijana ameshuka kwenye sijida, shati limepanda, suruali imeshuka, na nusu ya mgongo wake wa chini iko nje pasipostahiki kuonekana. Hilo ni suala la uchi wa mwanamume na usahihi wa swala yake kabla halijawa suala la mtindo. Suruali iwe ya kiuno cha juu, yenye rinda moja au mawili mbele ili paja lipate nafasi, na ndani yake itiwe bitana kutoka kiunoni mpaka chini ya goti. Bitana hiyo ndiyo inayobeba goti badala ya sufu. Fundi asiyeijua, mwonyeshe. Upindo wa chini uishie kwenye kifundo cha mguu, usirundikane juu ya kiatu. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya nguo iliyopita kifundo bila ya kibri, wako walioikataza moja kwa moja na wako walioichukiza tu, lakini anayeikata kwenye kifundo amejitoa katika khitilafu hiyo, na fundi yeyote mzuri wa suti atakwambia kuwa mguu uliokatwa hapo hunyooka vizuri zaidi.

Shati nalo lina fikihi yake. Mkono wa shati uwe na nafasi, ukunjike mpaka juu ya kiwiko. Haya mashati ya mikono myembamba ya siku hizi hukwama katikati ya mkono, na mtu mwenye haraka hupitisha maji hapo alipofikia, akaenda kuswali na kiwiko kikavu. Shati liwe refu, liweze kubaki ndani ya suruali mtu akirukuu. Mashati sita yatosha, manne meupe na mawili ya buluu hafifu, yote ya pamba. Ama vile vifungo vya mkono wa koti vinavyofunguka kweli kweli, ambavyo vijana huvisifu na kuvilipia ziada, mimi sioni faida yake. Ukitawadha koti utalivua hata hivyo. Afadhali fedha hizo umpe fundi akushonee kitanzi madhubuti ndani ya ukosi, koti lipate kutundikwa msumarini msikitini bila ya kuraruka.

Sufu, ndiyo. Watu husema sufu ni ya nchi za baridi, nami nasema jasho ndilo litakaloamua. Sufu hunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla mtu hajaihisi kuwa imelowa, na nyuzi zake zikisokotwa kwa nguvu na kufumwa wazi wazi, upepo hupita. Mombasa tafuta kitambaa chepesi cha gramu 240 hadi 270 kwa mita. Poliesta tupu, hata iwe nyembamba kama ngozi ya kitunguu, humfungia mtu joto lake mwenyewe. Sufu iliyochanganywa na poliesta kidogo si aibu kwa mwenye mfuko mdogo. Wala usidanganywe na namba kubwa zilizoandikwa kwenye upindo wa kitambaa, mia moja, mia moja na ishirini, mia moja na hamsini. Namba hizo hueleza wembamba wa unyoya. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kitambaa kinavyokuwa laini na ndivyo kinavyochoka upesi. Mwenye sijida 4,000 kwa mwaka na akae kwenye mia moja.

Kisha liko koti, na hapa ndipo sisi wa pwani tunapopata faida ambayo Mzungu hanayo. Koti letu halivaliwi na suruali peke yake. Toka Lamu mpaka Unguja, na kwa ndugu zetu wa Uganda vile vile, koti huvaliwa juu ya kanzu, na hapana koti lipendezalo juu ya kanzu nyeupe kama la buluu iliyokoza. Siku ya Ijumaa, siku ya Idi, siku ya kwenda kuposa, koti lile lile la ofisini hutolewa kwenye suruali yake likavaliwa juu ya kanzu na kofia ya viua, na mtu amekwisha kuvaa nguo ya heshima kamili bila ya kununua kitu. Kwa ajili hiyo liwe la vifungo viwili, lisilobana kifuani, na urefu wake ushuke mpaka chini ya makalio. Haya makoti mafupi ya siku hizi juu ya kanzu humfanya mtu aonekane amevaa koti la mdogo wake. Na kanzu yenyewe iwe nyeupe hasa. Mama zetu walikuwa wakitia nili kidogo katika maji ya mwisho ili weupe upate kung'aa, na nyumbani kwangu hufanywa hivyo mpaka leo.

Tai mbili zatosha. Hariri tupu haimfai mwanamume, na waliorukhusu hawakuvuka kiasi cha upana wa vidole vinne katika nguo, sasa tai ya hariri unaiweka wapi? Ziko za sufu iliyofumwa, ziko za pamba, na ziko za poliesta, na hapa kwa mara moja poliesta imepata mahali pa kusifiwa. Dhahabu mwilini mwa mwanamume khabari yake yajulikana, kwa hivyo vibano na vifungo vya dhahabu viachwe dukani. Viatu ni pea mbili, nyeusi na kahawia iliyokoza, za ngozi, zenye soli inayoweza kubadilishwa. Kiatu cha kamba ni kizuri, lakini anayekwenda msikitini mara mbili kwa siku atakipenda zaidi kile cha kuvua bila ya kuinama.

Kwa asiyeweza kushona, mitumba ipo, na sioni sababu ya kuidharau. Nimeona Kongowea makoti ya sufu ambayo hapana duka mjini linaloweza kuyaleta. Siri yake ni mabega. Mikono hufupishwa, kiuno huletwa ndani, suruali hupunguzwa au huongezwa ikiwa upindo una akiba, lakini bega lisilokukaa halina dawa, liache. Kisha shika kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili, cha nje na cha ndani, ukivute mbalimbali. Ukihisi kati yao kuna kitambaa cha tatu kinachotembea peke yake, koti hilo limeshonwa. Ukihisi vyote vimeshikamana kama mkate na siagi, limegandishwa kwa gundi, na joto la hapa pamoja na pasi ya dobi vitalitoa malengelenge kifuani. Na koti la mitumba lisafishwe kabla ya kuingia kabatini. Nondo hasafiri peke yake. Suti humfikia dobi mara tatu au nne kwa mwaka, si kila juma. Siku nyingine ni brashi, henga pana ya mbao na dirisha wazi.

Kijana akanisikiliza yote hayo, kisha akatoa lililokuwa moyoni mwake. "Lakini mjomba, watu watasema huyu ana nguo moja." Hili si neno la kupuuza, maana wengi hukopa kwa ajili yake. Nilimwambia kuwa katika miaka thelathini na moja, hakuna aliyewahi kunihesabia suti. Mlinzi mmoja wa mlangoni aliniuliza siku moja kama ile ilikuwa sare ya idara yangu, nami nikamjibu kuwa ndiyo, na toka siku hiyo akawa ananisimamia. Wenzako ofisini wana shughuli ya kujitazama wenyewe. Wakitazama nguo yako, wataona kama ni safi na kama imekukaa.

Wako pia wazee wenzangu watakaoniuliza kwa nini namfunza kijana wa Kiislamu kuvaa nguo ya Mzungu. Nawaheshimu, na ningependa kuona kanzu na koti vikikubaliwa katika kila ofisi ya pwani hii. Lakini mtoto huyu hakuziandika kanuni za nchi. Mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alikataza hata suti ya Kaunda isiingie ukumbini, nguo ambayo Rais mwenyewe alikuwa akiivaa, na akawataka wanaume waje na koti, ukosi na tai. Ikiwa mbunge anarudishwa mlangoni, karani wa mawakili atafanya nini? Nguo inayostiri, isiyokuwa ya hariri, isiyokuwa ya kibri, iliyonunuliwa kwa fedha ya halali, mimi sijui kosa lake. Anayeona kosa na aanze na karatasi ya mkopo kabla hajafika kwenye suti.

Tulikwenda wote kwa fundi Jumamosi iliyofuata. Ni fundi ninayemjua siku nyingi, mtu wa maneno machache, na alipomaliza kumpima alitaja 24,500: kitambaa yadi tano, koti moja, suruali mbili na bitana zake. Kijana alikuwa na 11,000 alizokuwa ameziweka. Kiasi kilichobaki fundi amekubali alipwe siku ya kuchukua, mwisho wa mwezi wa pili, bila ya nyongeza, nami nimesimama mdhamini. Mwezi huu atavaa koti langu la zamani lililopunguzwa kiuno, na mabega yake, namshukuru Mungu, ni mabega ya ukoo wetu. Ile karatasi ya duka ameirudisha bila ya kuitia mkono. Suti ya pili itashonwa baada ya karo ya muhula wa Januari kulipwa. Nimemwomba fundi atuwekee kipande cha jora hilo kama litafika wakati huo, naye amesema hawezi kuahidi.